Je, Hifadhi ya Darsa Yaweza Kuwa Israfu?

Skuli na vyuo vya Kenya vilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa ajili ya Korona, masomo mengi yalihamia katika intaneti. Milango ilifunguliwa tena, lakini desturi moja ikabaki: darsa hurekodiwa, picha na sauti, kisha huwekwa, wala hapana aulizaye ni nani atakayeitazama. Twauliza: je, hii si israfu?

Wako wasemao kuwa si israfu, kwani kitu chenyewe hakina uzito wala hakijazi chumba. Hayo si kweli. Darsa hiyo hukaa katika makompyuta yasiyozimwa usiku wala mchana, na mara nyingi huwekwa nakala zaidi ya moja. Makompyuta hupata moto, na kuyapoza kwataka umeme mwingine.

Wengine, na hoja yao ina nguvu zaidi, husema kuwa umeme wetu ni safi. Kule Olkaria, karibu na Naivasha katika kaunti ya Nakuru, mvuke wa ardhini wazungusha mitambo tangu 1981, bila ya kuchomwa makaa wala mafuta. Ndugu zetu wa Pwani wasidhani hili ni la watu wa bara peke yao, kwani taa za Mombasa na za Nakuru zaungana katika gridi moja. Basi madhara yako wapi? Twajibu kwanza kwamba darsa isomeshwayo Nakuru si lazima ihifadhiwe Kenya. Yaweza kuwa imelala Ulaya au Marekani, ambako gesi na makaa yangali yakichomwa. Na hata ikihifadhiwa nyumbani, msomaji ajua kuwa atawadhaye kando ya mto hukatazwa kumwaga maji ovyo, ingawa mto haupungui.

Na mto huu una wenyewe. Mwaka 2014 Wamasai wa vijiji vinne walihamishwa ili kuupisha mtambo wa Olkaria IV, na malalamiko yao yakafika Benki ya Dunia. Mei 2024 kampuni za Microsoft na G42 zikatangaza mpango wa kujenga huko huko Olkaria jumba kubwa la makompyuta litakalotumia mvuke huo. Haja ikizidi, visima vitazidi. Na visima havichimbwi hewani.

Lakini tusiseme kwa dhulma. Umeme wa darsa moja ni kidogo mno, na mwanafunzi wa Mombasa asomaye bila ya kusafiri hadi Nakuru, mwendo wa zaidi ya kilomita 600, ameokoa mafuta mengi kuliko huo. Muuguzi wa zamu, au mama mwenye mtoto mchanga asikilizaye usiku wa manane, hao khasa ndio waliorekodiwa darsa; kuwanyima kwa jina la iktisadi ni ubakhili. Neno letu ni juu ya zile zisizofunguliwa na yeyote, na zile za picha ambazo hapana cha kutazama ndani yake ila uso wa mwalimu. Sauti tupu ya saa moja huweza kuwa chini ya sehemu ya kumi ya ukubwa wa picha yake. Kwa tarikhi au fiqhi, sauti yatosha. Kwa hesabu, ubao hauna budi kuonekana. Na muhula ukiisha, mwalimu awaulize wanafunzi wake ni nani angali akiihitaji, kabla ya kuifuta.