Heshima ya Mji na Haki ya Kweli

Hapana mji usiopenda sifa ya kutangulia. Wenyeji wa kila mahali hufurahi kusema kwamba kwao ndiko kulikochimbwa kisima cha kwanza, au kulikosaliwa sala ya kwanza, au alikozikwa mfalme wa kwanza; na sifa ya namna hii hurithiwa na watoto kama shamba au nyumba. Lakini shamba lina mipaka inayoonekana kwa macho, na sifa haina. Hapo huzuka swali gumu la maadili. Watu wamerithi heshima kwa nia njema, wameishi nayo karne nyingi, kisha yadhihirika kuwa si yao. Je, wanaichunguza kweli wana wajibu gani kwa watu hao, na watu hao wana wajibu gani kwa kweli? Swali hili limejadiliwa kwa muda mrefu katika Ufilipino, nchi yenye Wakatoliki wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Asia, juu ya mahali iliposomwa misa yake ya kwanza.

Habari yenyewe ni fupi. Ferdinand Magellan, Mreno aliyemtumikia mfalme wa Hispania, aliondoka Sanlúcar tarehe 20 Septemba 1519 na merikebu 5. Merikebu 3 zilizosalia ziliiona nchi ya Samar tarehe 16 Machi 1521, na tarehe 28 Machi zikatia nanga karibu na kisiwa ambacho Antonio Pigafetta, Mwitalia aliyeandika habari za safari, alikiita Mazaua. Hapo walikutana na wafalme wawili walio ndugu: Kolambu, mwenye kisiwa, na Siaui, mfalme wa Butuan, aliyekuwa mgeni wa nduguye. Siku ya Pasaka, tarehe 31 Machi, Magellan alimtuma padre pwani mapema ili atayarishe misa. Watu wapatao 50 walishuka pamoja na mkuu wao. Wafalme wale wawili waliubusu msalaba kama walivyofanya wageni, wakapiga magoti na kuunganisha mikono wakati Mwili wa Bwana ulipoinuliwa, na mizinga ikalia kutoka merikebuni. Alasiri msalaba ulisimamishwa juu ya kilima kilichopita vingine kwa urefu. Tarehe 4 Aprili nanga ziling'olewa, na tarehe 7 wasafiri wakafika Cebu.

Mambo haya hayabishaniwi. Kinachobishaniwa ni mahali pa kisiwa hicho. Mwaka 1663 kilichapishwa kitabu cha Francisco Colín, padre wa Shirika la Yesu, kilichoiweka misa ile ya Pasaka Butuan, mji ulio karibu na mdomo wa mto Agusan, kaskazini ya kisiwa kikubwa cha Mindanao. Miaka 4 baadaye kilichapishwa kitabu cha Francisco Combés, padre wa shirika lilo hilo, kilichosema kwamba msalaba ulisimamishwa Butuan. Walikuwa watu wa elimu, wala hawakukusudia kumdanganya mtu; lakini maandishi kamili ya Pigafetta hayakuwa yamechapishwa bado, na yaliyokuwa mikononi mwa watu yalikuwa ni vifupisho. Neno lao likashika. Padre alimfundisha mtoto, mtoto akawa mzee, naye akamfundisha mjukuu. Mwaka 1872 watu wa Butuan, pamoja na padre wao na Wahispania waliokaa huko, walisimamisha nguzo ya ukumbusho karibu na mdomo wa Agusan, ikasema kwamba misa ya kwanza ilisomwa mahali pale tarehe 8 Aprili 1521. Mtu akiitazama tarehe hiyo ataona ajabu yake: siku hiyo Magellan alikuwa amekwisha kufika Cebu. Jiwe lilichongwa kwa mapenzi makubwa, lakini mapenzi hayakuisahihisha kalenda.

Kosa lilianza kufunuka mwaka 1800, wakati Carlo Amoretti alipoyachapisha maandishi ya Pigafetta yaliyokuwa yamehifadhiwa katika maktaba ya Ambrosiana, mjini Milan. Hapo ilionekana wazi kwamba Mazaua ni kisiwa, na kwamba mfalme wa Butuan alikikuta kikao kile akiwa mgeni. Pigafetta alikitia kisiwa hicho katika digrii 9 na theluthi 2 kaskazini ya Ikweta. Francisco Albo, rubani katika safari ile ile, alisema digrii 9 na theluthi 1. Limasawa, kisiwa kidogo kusini ya Leyte, kiko karibu na digrii 10. Butuan iko karibu na digrii 9. Vipimo vya zama zile havikuwa kamili, kwa hiyo havimalizi shauri peke yake. Lakini iko pia njia yenyewe. Kutoka Mazaua kwenda Cebu Pigafetta ataja Bohol na Baybay, majina yaliyopo hata leo, na Baybay ni pwani ya magharibi ya Leyte. Tena, mtu aliyependa kuandika kila alichokiona hakutaja mto wowote katika siku 7 alizokaa Mazaua; na Butuan bila mto wake si Butuan.

Aliyeanza kuwarudisha wasomaji wengi katika njia hiyo alikuwa Pablo Pastells, naye pia padre wa Shirika la Yesu, ambaye alipokitoa upya kitabu cha Colín mwanzoni mwa karne ya 20 alikitia maelezo ya kumsahihisha. Hapa pana funzo la kwanza. Pastells hakumdharau mzee wake wa shirika, wala hakumficha. Alikichapisha kitabu kizima kwa heshima, na chini ya ukurasa akasema kosa lilipo. Kumheshimu aliyetangulia si kulirudia kosa lake.

Mwaka 1960 sheria ya nchi ilipatangaza mahali paitwapo Magallanes, katika Limasawa, kuwa patakatifu pa taifa pa kuikumbuka misa ile. Watu wa Butuan hawakuridhika. Walisema kwamba Mazaua kilikuwa kisiwa mdomoni mwa Agusan, ambacho tope la mto limekiunganisha na bara, na kwamba jina lake limebaki katika kijiji cha Masao. Dai hilo halikupuuzwa. Lilisikilizwa na kamati iliyoongozwa na Emilio Gancayco, aliyekuwa jaji wa Mahakama Kuu ya nchi, ambayo ilitoa uamuzi mwaka 1998. Likasikilizwa tena na kamati ya Benito Legarda. Na mwisho na kamati ya mwanachuoni Resil Mojares, ambayo uamuzi wake ulikubaliwa na Tume ya Taifa ya Historia mwaka 2020. Mara zote tatu jibu lilikuwa Limasawa.

Sasa na yasikilizwe maneno ya mtetezi wa Butuan, si juu ya ramani, bali juu ya haki. Maana hapo ndipo anapogusa moyo. Asema kwanza kwamba mtu akilima shamba muda mrefu pasipo kupingwa, sheria za nchi nyingi humpa shamba hilo; mbona basi watu walioshika heshima karne mbili na zaidi wanyang'anywe? Asema pili kwamba walioamini waliamini kwa nia njema. Asema tatu kwamba vizazi vingi vilipiga magoti karibu na nguzo ile. Je, sala zao zilikuwa bure?

Hoja ya kwanza ina nguvu, lakini imekosa njia. Shamba hupewa aliyelima kwa sababu jasho lake limeingia katika udongo. Asingelilima, mazao yasingalikuwapo. Lakini hapana jasho liwezalo kuingia katika siku iliyopita. Tarehe 31 Machi 1521 haikulimwa na mtu wa mwaka 1872, wala hataibadili wa leo. Kushika habari muda mrefu humfanya mtu aizoee, hakumfanyi aimiliki.

Hoja ya pili ni ya kweli, na yapasa kukubaliwa kwa moyo mweupe. Aliyekosea si mwongo. Mwongo aijua kweli akaificha, mkosaji hakuijua. Lakini nia njema humwondolea mtu lawama tu. Haigeuzi kosa kuwa kweli. Tena nia njema yenyewe ina sharti moja. Hudumu kuwa njema kadiri mtu asivyokuwa amepata kujua. Siku anapooneshwa ushahidi, akaupima, akauona kuwa mzito, kisha akafumba macho kwa ajili ya heshima ya mji, siku hiyo nia yake imeanza kuharibika.

Hoja ya tatu yahitaji jibu la upole. Aliyesali mbele ya nguzo ya Butuan hakuiomba nguzo. Kama mtu ampelekea babaye barua akakosea jina la mtaa alioandikia, mapenzi yaliyomo hayapungui. Sala za Butuan ziko pale pale zilipokuwa. Kilichosahihishwa ni maandishi ya jiwe, si imani ya waliopita mbele yake.

Lakini liko jambo ambalo mtetezi hulisahau. Heshima hii ina mwenyewe. Kila mwaka ambao nguzo ya Butuan ilisomwa kuwa kweli, Limasawa ilikosa chake. Butuan ni mji mkubwa, wenye wakubwa, wasomi na fedha. Limasawa ni kisiwa kidogo cha wavuvi. Kama mashauri ya historia yangeamuliwa kwa wingi wa sauti, au kwa ukubwa wa huzuni ya wenye kushindwa, kisiwa kile kisingalipata mtetezi milele. Wazee wa Kiswahili walisema kwamba mnyonge hana haki. Hawakusema hivyo kwa kusifu, bali kwa kusikitika. Kweli ndiyo mali ya pekee ambayo mnyonge aweza kuwa nayo sawasawa na mwenye nguvu, na ndiyo sababu kuichezea kweli, hata kwa kumhurumia mtu mwema, ni kumdhulumu mwingine asiyeonekana.

Haki hiyo hiyo, hata hivyo, yawadai pia wale walioshinda. Neno "kwanza" lataka kupimwa. Pigafetta hataji misa yoyote kabla ya Pasaka ile, na kwa hiyo huitwa ya kwanza. Kwa usemi ulio sahihi, ni ya kwanza iliyoandikwa. Na aliyeandika alikuwa mgeni. Yeye mwenyewe asimulia jinsi alivyoyaandika majina ya vitu kwa lugha ya wenyeji, kisha akawasomea, nao wakastaajabu. Kalamu ilikuwa mkononi mwa upande mmoja tu. Kolambu alipopiga magoti, alikuwa akiabudu, au alikuwa akimheshimu mgeni wake kwa adabu za nyumba yake? Msalaba ule wa kilimani, Magellan aliwaeleza wafalme, ungewajulisha Wahispania watakaokuja kwamba wenzao wamepita hapo. Ulikuwa ishara ya imani, na papo hapo alama ya merikebu. Na siku 27 baada ya misa, Magellan aliuawa Mactan katika vita na watu wa Lapu-Lapu.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hatashangaa kwa mchanganyiko huo. Magellan alianza safari zake za mbali katika kundi la merikebu za Francisco de Almeida, lililotoka Lisbon mwaka 1505; na kundi hilo ndilo lililoiteka Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka huo huo. Walioleta msalaba na walioleta moto walisafiri katika merikebu moja, na pengine walikuwa ni mtu mmoja. Anayeiadhimisha siku ya kwanza pasipo kuyasema haya ameijua nusu ya kweli, na nusu ya kweli haitoshi kujengewa patakatifu.

Basi Butuan imepoteza nini? Imepoteza asubuhi moja iliyokuwa ya jirani. Lakini kweli ile ile iliyoiondolea asubuhi hiyo imeirudishia karne nyingi. Vitabu vya Wachina wa enzi ya Song vyasema kwamba mwaka 1001 wajumbe wa Butuan walifika China na zawadi. Na tangu miaka ya 1970 mashua kubwa za mbao, ziitwazo balangay, zimefukuliwa katika udongo wake. Mji uliovuka bahari ya China karne 5 kabla ya Magellan hauhitaji kuazima heshima kwake. Lau wachunguzi wangezoea kuyaacha mambo yalivyo kwa kuogopa kuwaudhi watu, huenda hata mashua zile zingalikuwa bado zimelala katika matope.

Wazee wamesema, heri kweli iliyo chungu kuliko uongo ulio mtamu. Katika shauri hili hapakuwa na uongo, bali kosa tamu lililorithiwa na watu wema. Nalo ni gumu zaidi kuliacha, kwa kuwa kuliacha hufanana na kuwaacha wazazi. Lakini wazazi wale walisimamisha jiwe kwa sababu walitaka kweli ikumbukwe. Mtoto anayelisahihisha jiwe hilo kwa adabu, asilibomoe wala asiwacheke waliolichonga, huwa ameyatimiza yale waliyoyakusudia.