Haki Halisi na Haki ya Ukoo

Waswahili tuna misemo miwili ambayo ukiilaza chumba kimoja haitapata usingizi. Wa kwanza hutwambia: mwenye nguvu mpishe. Wa pili hutuusia: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Wa kwanza ni msemo wa njiani, wa mtu aliyeona hatari ikimjia naye akajitupa kando. Ni busara ya kuokoa roho, wala siulaumu. Wa pili ni msemo wa barazani, pale watu wanapokaa kuamua. Swali ninalotaka kulikabili ni hili: hakimu aliyepewa kiti katika mji ambao wenye nguvu wamekwisha kupishwa na kila mtu, afuate msemo upi? Na akiufuata wa pili, atajuaje kwamba anachokitoa ni haki, wala si kisasi kilichovaa joho?

Mji wenyewe ni Palermo, katika kisiwa cha Sisilia. Sijaufika. Nimeujua kwa vitabu, kwa kamusi na kwa subira, kama nilivyojua mengi ya maisha yangu. Lakini katika kusoma nilikutana na neno lililonifanya nihisi kwamba si mgeni kabisa mjini humo. Katika karne ya 10, Waarabu waliokuwa wakikitawala kisiwa hicho walijenga hapo mtaa wenye boma, wakauita al-Khalisa, yaani ulio safi. Baada ya karne nyingi wenyeji wakalilainisha jina likawa Kalsa. Sisi nasi tulilipokea neno hilo hilo kutoka kwa Waarabu, tukalitamka halisi. Basi ni katika mtaa wa Halisi, mtaa uliokuwa na ufukara mwingi, ndipo walipozaliwa Giovanni Falcone, Mei 1939, na Paolo Borsellino, Januari 1940. Walicheza mpira kiwanja kimoja, na baadhi ya watoto waliocheza nao walikuja kuwa watu wa genge. Wao wawili wakawa mahakimu.

Mfasiri hupambana na maneno kabla ya kupambana na mambo. Wahalifu wa Sisilia wanaojiita Cosa Nostra, maana yake jambo letu, hawakuunda maneno mapya. Waliyateka ya zamani. Kundi lao huitwa familia, neno lile lile la mke na watoto. Mwanachama huitwa mtu wa heshima. Anapoingizwa, kidole hutobolewa, damu hudondoshwa juu ya picha ya mtakatifu, na picha huchomwa moto mkononi mwake huku akila kiapo. Kuanzia hapo ukoo huo hutangulia mama aliyemzaa. Nikitafsiri neno lao la familia kwa ukoo, na lile la heshima kwa heshima, nitakuwa nimewasaidia wizi. Nisipotafsiri hivyo, msomaji hatafahamu kwa nini watu waliwafuata.

Na walifuatwa. Tusijidanganye kwamba ni hofu peke yake. Serikali ilikuwa mbali, kesi zilichukua miaka, na maskini hakuwa na wakili. Mtu wa heshima alikuwa mtaa wa pili. Ukiibiwa, mali ilirudi. Ukigombana na jirani, shauri lilikatwa kabla ya jua kutua. Kilichotakiwa kwako ni utii, mchango wa kila mwezi, na ukimya. Hiyo ndiyo haki ya ukoo: ni ya haraka, ina sura ya mtu unayemjua, nayo humtazama mshitakiwa na kuuliza kwanza, huyu ni wa nani?

Siwezi kuicheka haki hiyo, kwani nami niliwahi kuitoa. Zamani, katika diko la kijijini kwetu, watu wawili waligombania jarife. Mmoja alikuwa mtoto wa mjomba wangu. Wa pili alikuwa mtu wa kuja, asiye na jamaa pale. Niliitwa kukaa na wazee kwa kuwa nilijua kusoma na kuandika, na kwa kuwa hati ya makubaliano yao niliiandika mimi. Nilijua fedha zilitoka kwa nani. Yule mgeni akanigeukia: “Maalim, kalamu si uliishika wewe?” Nikasema kwamba mambo ni ya siku nyingi, sikumbuki vyema. Wazee wakatikisa vichwa, jarife likabaki kwetu, na mwezi ule ule mtu yule akahama. Hapakuwa na damu wala bunduki. Palikuwa na ukoo, heshima na ukimya. Yaani vitu vile vile vitatu vya Palermo, kwa kipimo cha kijiji.

Ndiyo maana nilipowasoma mahakimu wale sikutafuta ushujaa. Nilitafuta kujua walifanya nini mahali ambapo mimi nilinyamaza.

Walichokifanya, kwa sehemu kubwa, ni kusoma karatasi. Falcone alifuata hundi na hesabu za benki, kwa hoja kwamba mtu aweza kutishwa akanyamaza lakini fedha huacha nyayo. Mwaka 1982, baada ya kuuawa mbunge Pio La Torre mwezi Aprili na jenerali Carlo Alberto dalla Chiesa mwezi Septemba, Italia ilipitisha sheria iliyofanya kuwa mwanachama wa mafia ni kosa peke yake, na kuruhusu mali zao kutaifishwa. Julai 1983 mkuu wa mahakimu wapelelezi wa Palermo, Rocco Chinnici, aliuawa kwa bomu mbele ya nyumba yake. Aliyeshika nafasi yake, Antonino Caponnetto, akawaunganisha mahakimu wachache wafanye kazi pamoja na kila mmoja ajue ajualo mwenzake, ili kumuua mmoja kusiwe kuua kesi.

Mwaka 1984 Tommaso Buscetta, mtu wa heshima wa siku nyingi, alikubali kusema. Wanawe wawili walikuwa wametoweka mwaka 1982, mikononi mwa watu wa kiapo kile kile alichokula yeye. Jambo letu lilikuwa limewala watoto wake. Alieleza ngazi zote za utawala wao, na Falcone akaandika kwa mkono wake. Lakini hakuyachukua maneno yale kama yalivyo. Alikwenda kuyapima, moja baada ya moja.

Kiangazi cha 1985, maofisa wawili wa polisi waliokuwa wakishirikiana nao waliuawa katika muda wa siku kumi hivi. Falcone na Borsellino wakahamishwa pamoja na familia zao hadi Asinara, kisiwa cha gereza karibu na Sardinia, ili waendelee na hati ya mashtaka wakiwa hai. Nasi watu wa visiwani tunajua kisiwa chaweza kuwa kimbilio na chaweza kuwa kifungo. Kwao kilikuwa vyote viwili. Baadaye serikali iliwapelekea ankara ya chakula na malazi.

Kesi ilifunguliwa Februari 10, 1986, katika ukumbi wa zege uliojengwa kando ya gereza la Ucciardone, washitakiwa wakiwa zaidi ya 450. Hukumu ilisomwa Desemba 16, 1987, chini ya hakimu Alfonso Giordano. Watu 346 walitiwa hatiani, 19 kati yao wakapewa kifungo cha maisha.

Hesabu hiyo ndiyo inayotajwa daima. Mimi nataka tuitazame hesabu ya pili: watu 114 waliachiwa huru. Miongoni mwa walioonekana kuwa hawana hatia katika mashtaka yale alikuwamo Luciano Liggio, kiongozi wa zamani wa kundi la Corleone, ambaye tayari alikuwa akitumikia kifungo cha maisha kwa kosa jingine. Mahakama ingeweza kumwongezea hukumu na nani angelalamika? Ushahidi haukutosha, ikamwachia. Ukoo haujui kufanya hivyo. Ukoo hujua kusamehe wake na kuua wa wenzake. Kumwachia adui kwa sababu jambo halikuthibitika ni lugha usiyoielewa. Kwangu mimi, wale 114 ndio ushahidi kwamba wale 346 walihukumiwa na mahakama.

Falcone alipimwa kwa mizani hiyo hiyo. Mwaka 1989 alitokea mhalifu aliyedai kwamba mwanasiasa mkubwa, ambaye wengi walimshuku kwa urafiki na mafia, ndiye aliyeagiza mauaji mashuhuri ya mjini humo. Umma ulikuwa tayari kuamini. Falcone aliyachunguza madai, akayaona ni uongo, akamshitaki mdai kwa kusingizia. Baadhi ya waliokuwa wakimshangilia wakaanza kunong'ona kwamba anawalinda wakubwa. Kumkatalia mwenye nguvu ni kugumu. Kuukatalia umati unaokupenda, unapokutaka uhukumu bila ushahidi, pengine ni kugumu zaidi.

Mwisho wao unajulikana. Januari 30, 1992, mahakama ya juu kabisa ya rufaa ilithibitisha hukumu za ile kesi kubwa. Mei 23 mwaka huo, barabara ililipuliwa huko Capaci, akafa Falcone pamoja na mkewe Francesca Morvillo, naye hakimu, na walinzi watatu. Baada ya siku 57, Julai 19, Borsellino alikwenda kumwona mama yake katika mtaa wa D'Amelio. Gari lililojazwa baruti likamuua pamoja na walinzi watano.

Hapa waandishi wengi huweka kalamu chini. Lakini swali letu linaanzia hapa, kwa sababu sasa haki ilitakiwa itolewe kwa ajili ya mahakimu wenyewe.

Katika kifo cha Borsellino, wapelelezi walimpata haraka mtu aliyekiri na kuwataja wenzake. Nchi ilikuwa ikilia, na kilio kikali hakiulizi maswali mengi. Watu wakahukumiwa vifungo vya maisha. Mwaka 2008 mtu mwingine wa mafia alieleza jinsi gari lile lilivyopatikana kweli, na jengo lote likaporomoka: ushahidi wa kwanza ulikuwa wa uongo. Waliofungwa kwa dhuluma walianza kutoka mwaka 2011. Mahakama ya Caltanissetta, katika hukumu ya mwaka 2017, iliuhesabu upotoshaji ule miongoni mwa mabaya makubwa kabisa katika historia ya mahakama za Italia. Kwa jina la hakimu aliyekufa akitafuta haki, wasiohusika na mauaji yale walikaa gerezani kwa miaka mingi. Sijui dhihaka kubwa kuliko hiyo juu ya kaburi lake.

Katika kifo cha Falcone, mkasa ulikwenda upande mwingine. Aliyebonyeza kitufe cha bomu, Giovanni Brusca, alikamatwa mwaka 1996. Alikiri kuhusika na mauaji zaidi ya 100, likiwamo la mtoto wa mtoa ushahidi mmoja, ambaye mwili wake uliyeyushwa kwa tindikali. Kisha naye akatoa ushahidi dhidi ya wenzake, akafaidika na sheria ya kuwapunguzia adhabu washirika wa mahakama. Mwaka 2021, baada ya miaka 25, akatoka gerezani. Sheria hiyo ni ipi? Ni ile ambayo Falcone mwenyewe aliipigania, iliyopitishwa mwaka 1991, kwa kuwa alijua ukuta wa ukimya hauvunjiki bila mlango wa kutokea.

Walipomwuliza dada yake, Maria Falcone, alijibu kwamba kama binadamu habari ile ilimuumiza, lakini sheria ile aliitaka kaka yake, na kwa hiyo lazima iheshimiwe.

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi. Kuna watakaosema ni baridi mno. Kwamba haki isiyowaka kwa ghadhabu mbele ya mwuaji wa mtoto si haki, ni hesabu ya karani. Siwezi kuwapuuza. Na ningekuwa baba wa mtoto yule, labda nisingeandika makala hii hata kidogo. Ila nawauliza: ghadhabu hiyo, tukiipa kiti, itatofautianaje na ile iliyowafunga wasiohusika kwa ajili ya Borsellino? Nayo ilikuwa ghadhabu ya watu wema. Maria Falcone alikuwa na ukoo, wa kweli, wa damu, na damu hiyo ilimwagwa barabarani. Alikuwa na kila sababu ya kuuliza, huyu ni wa nani? Akauliza, sheria yasemaje? Siku hiyo ndugu wa marehemu alikaa mahali pa hakimu, na kiti hakikumshinda.

Basi naona haki halisi haijulikani kwa ukali wake juu ya waovu, kwani ukali hata mafia wanao, na wametuzidi. Hujulikana mahali pawili: kwa kile inachompa tunayemchukia, na kwa kile inachomnyima tunayempenda. Mnyonge mnyongeni ni nusu ya msemo, na nusu hiyo kila genge laijua. Nusu ya pili ndiyo inayohitaji hakimu.

Falcone alikuwa akisema kwamba mafia ni jambo la wanadamu, lilikuwa na mwanzo na litakuwa na mwisho. Naamini hivyo. Lakini mwisho wake hauanzii katika ukumbi wa zege. Unaanzia pale mtu mmoja anapoulizwa swali barazani, jamaa zake wakimtazama.

Mtu yule wa jarife sijamwona tena. Mtoto wa mjomba wangu amekwisha kufariki, Mungu amrehemu, na jarife liliozea ufukweni. Hati niliyoiandika ninayo hadi leo. Iko katika mtoto wa meza ninayoandikia makala hii, na kila kitu kimo ndani yake: tarehe, kiasi, na jina la mwenye fedha. Mwandiko ni wangu, unasomeka vyema.