Nyama Motoni, Muziki Masikioni, na Haki ya Jirani

Suala liulizwalo sana na vijana wetu, khasa zinapokaribia siku za Idi ya Kuchinja, ni hili: ni muziki gani ulio mzuri kuusikiliza watu wanapochoma nyama? Mmoja humtaja marehemu Zein l'Abdin na udi wake; mwengine husema hakuna ila marehemu Juma Bhalo; na wa tatu, aliyekaa sana Nairobi, huona kuwa nyama choma bila ya rumba ya Kikongo ni nyama isiyo chumvi. Wazee nao hukaa kando wakiuliza suala jengine kabisa: je, ni halali? Sisi twaona kuwa masuala yote mawili yastahiki jawabu. Lakini baina yao liko la tatu ambalo ni wachache waliulizao, nalo ni zito kuliko hayo mawili: huo muziki tuupendao, ni nani mwengine anayelazimishwa kuusikiliza?

Suala la wazee si jepesi, wala halikuanza leo. Imepokewa katika Sahihi za Bukhari na Muslim ya kuwa wasichana wawili walikuwa wakiimba na kupiga dufu nyumbani kwa Bibi Aisha, na Mtume (s.a.w.) yumo humo amejifunika nguo yake. Sayyidna Abubakar alipoingia na kuwakemea, Mtume alimtaka awaache, kwani zile zilikuwa siku za Idi. Na iko riwaya isemayo zilikuwa siku za Mina, yaani siku za tashriki, ambazo tumefundishwa kuwa ni siku za kula na kunywa na kumtaja Mwenyezi Mungu. Hata hilo jina la tashriki, baadhi ya wanavyuoni wamelieleza kuwa latokana na kuianika nyama juani. Basi nyama na wimbo vilikutana zamani, katika siku zizo hizo.

Upande wa pili, amepokea Abu Daud ya kuwa Ibn Umar aliposikia zumari ya mchunga alitia vidole masikioni, akaiacha njia, akawa akimwuliza Nafi'i kama bado aisikia, mpaka alipoambiwa kuwa haisikiki tena. Wenye kuharimisha hushika vile vidole vilivyoziba masikio. Wenye kuruhusu hushika kuwa hakumwamuru Nafi'i naye azibe yake. Ibn Hazm wa Andalusi, aliyefariki mwaka 1064, aliona kuwa hadithi za kuharimisha vyombo hazikusimama; na wengi katika wanavyuoni wa madhehebu hawakumwafiki. Khitilafu hii haitakwisha katika kurasa zetu hizi.

Walakini Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameacha katika Ihya mlango mzima juu ya kusikiliza nyimbo, na humo mna faida kwa pande zote mbili. Yeye aliona kuwa asili ya sauti nzuri ni halali, kisha akataja mambo matano yawezayo kuigeuza: hali ya mwimbaji, chombo chenyewe, maneno ya wimbo, hali ya msikilizaji, na kule kuzidisha hata jambo la mubaha likawa ndiyo ada ya mtu na kazi yake. Vyombo vya nyuzi na zumari alivikataza, kwa kuwa katika zama zake vilikuwa alama ya walevi. Tena akanakili kutoka kwa Junaid ya kuwa kusikiliza kwahitaji vitu vitatu: wakati, mahali na wenzi. Tuvichukue vitatu hivi, tuvisimamishe mbele ya seredani yetu ya mishkaki, tuone vitatwambia nini.

Kwanza wenzi. Kuchoma nyama ni kazi ya watu wengi: mmoja akata nyama vipande, mmoja aitia tangawizi, thomu, ndimu na papai bichi ili ilainike, mmoja atunga vijitini, mmoja apepea makaa. Uzuri wa kazi hii ni mazungumzo. Ndugu wasioonana mwaka mzima huonana hapo, na mengi yaliyoshindikana katika vikao vya ukoo husuluhishwa hapo, mtu akigeuza mshikaki huku akinena. Muziki uliopazwa hata watu wakapigiana kelele masikioni haukuwaletea furaha, bali umewanyang'anya. Na mchomaji mwenyewe hupata khasara, kwani kazi yake yataka sikio kama itakavyo jicho. Mafuta yakidondokea kaa huchachatika kabla ya kuwaka. Asiyeusikia mchachatiko huo huona mwali umekwisha panda, na nyama imeungua nje hali ndani ni mbichi.

Katika wenzi pia yaingia maneno ya wimbo. Ziko nyimbo za mipasho zilizotungwa ili kumchoma mtu, na wako watu wazifunguao makusudi upande wa dirisha la fulani, huku wakijidai kuwa wao wachoma nyama tu. Huu si muziki wa kupendeza wageni. Ni usengenyi uliotiwa ngoma. Anayeona haya kuyatamka maneno hayo kwa kinywa chake mbele ya jirani, haondoki katika dhambi yake kwa kuyatamkisha chombo.

Pili ni mahali. Mji wa Kale wa Mombasa, na Lamu kadhalika, nyumba zimegusana kuta na vichochoro ni vyembamba. Moshi wa nyama hauna mpaka. Na juu ya jambo hili Mtume (s.a.w.) alikwisha kumuusia Abu Dharr ya kuwa apikapo mchuzi azidishe maji, awaangalie jirani zake. Kwa hivyo sisi tumelelewa tukijua kuwa ukichoma nyama, na harufu ikaingia kwa jirani, deni limekupata. Nalo hulipwa kwa sahani iliyofunikwa, apelekewe kabla wenyewe hamjashiba.

Basi na sauti je? Sauti nayo huvuka ukuta, tena huvuka vibaya. Mdundo mzito hupenya mawe kuliko sauti ya mwimbaji. Hivyo wewe wasikia udi, shairi na maana, na jirani yako asikia mgoto tu, usiku kucha, hajui hata ni wimbo gani. Wewe wala nyama, yeye apata moshi. Na deni hili halina sahani ya kulilipia. Nyama uliyompelekea yu khiyari: aila au aiweke. Sauti haikumpa khiyari. Tumeamrishwa katika Sura ya Nuru tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tutake idhini na kuwatolea salamu wenyewe; na mtu mwenye kuona haya kuvuka kizingiti bila ya hodi, hatufahamu vipi aona ni wepesi kuipeleka sauti yake mpaka kitandani kwa mtu.

Tatu ni wakati. Nyuma ya ukuta huenda mna mgonjwa aliyepata usingizi sasa hivi, mjane aliye katika eda, mtoto mwenye mtihani kesho, au mfanyakazi wa bandarini anayeamka alfajiri. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 juu ya kelele zimeweka mpaka wa desibeli 35 za usiku katika mitaa ya makazi, tangu saa 2 za usiku mpaka saa 12 za asubuhi. Na kiasi hicho hakipiti sana mnong'ono. Lakini ni aibu kwa watu wenye dini kungoja askari awafundishe haki ya jirani.

Hapa wengine watasema: zamani pia watu walipiga taarabu usiku, na hakuna aliyelalamika. Kweli, lakini zamani hiyo ilikuwa na kipimo chake. Kabla ya Siti binti Saad kusafiri Bombay mwaka 1928 na sauti yake kutiwa katika sahani za santuri, aliyetaka wimbo alimtaka mwimbaji mwenyewe. Mwimbaji alikaa pamoja na watu, akala nyama ile ile, akachoka, akaenda kulala. Pumzi za kifua chake ndizo zilizokuwa mpaka. Leo simu ya mfukoni na kipaza sauti kinachochukulika mkononi havichoki, havioni haya, wala havina mgonjwa nyumbani. Kwa vile chombo hakina mpaka, mpaka umehamia kwetu.

Na insafu yatutaka tuseme na la upande wetu. Wako wanaoikemea rumba ya jirani, kisha wao wakafunga vipaza sauti vinne juu ya paa kwa maulidi au kwa darsa, mpaka usiku wa manane, katika mtaa ule ule wenye mgonjwa yule yule. Abu Daud amepokea ya kuwa Mtume alipokuwa katika itikafu aliwasikia watu wakinyanyua sauti zao kwa kusoma, akawakataza wasiudhiane kwa kisomo. Ikiwa Kur'ani yenyewe haikufanywa kuwa ruhusa ya kumuudhi aliye karibu, ni wimbo gani utakaopewa ruhusa hiyo?

Jawabu yetu kwa vijana, basi, ni hii. Aliyeshika kauli ya kuharimisha, mazungumzo ya ndugu zake na mchachatiko wa mafuta vyamtosha. Na aliyefuata kauli ya kuruhusu, na achague wimbo ambao maneno yake angeweza kuyasoma mbele ya mamake. Na auweke chini kiasi ambacho mtu aweza kunena bila ya kunyanyua sauti. Na auzime inapoadhiniwa, na mapema kabla ya watu kulala. Na anapopeleka ile sahani iliyofunikwa, na aulize papo hapo: je, twawaudhi?

Suali hilo la mwisho ndilo gumu. Watu wa mwambao wamelelewa kustahiana. Jirani yako hatakuja kubisha. Atafunga dirisha katika joto, atamwambia mtoto avumilie, na asubuhi atakusalimu kama kwamba hakukuwa na jambo. Kunyamaza kwake si idhini, ni adabu. Na dhulma mbaya ni ile iishiyo juu ya adabu ya anayedhulumiwa. Asiyelalamika ndiye anayestahiki kuulizwa kwanza.

Wabillahi tawfiki.