Kikombe cha Altare na Kibuyu cha Asali

Muratina, pombe ya asali ya Meru na Embu, huanzia mtini. Tunda la mwegea hupasuliwa, likachemshwa na kuanikwa mpaka libaki nyuzinyuzi, na humo ndimo hamira hukaa. Kipande chake hutumbukizwa katika asali iliyochanganywa na maji, kibuyu kikawekwa karibu na meko. Baada ya siku chache povu hupanda. Anayeonja hupata kwanza utamu, kisha ukali unaokamata koo. Asali nzuri ya kazi hiyo hutoka Mbeere, upande mkavu wa Embu, ambako mizinga ya magogo hutundikwa mitini.

Hainywewi ovyo. Katika mazungumzo ya mahari, mzee humimina kidogo chini kabla hajaonja, ili waliotangulia wapate fungu lao. Kwa tone hilo wakwe, wafu na ardhi wanakuwa wa meza moja. Sasa, Mkatoliki wa Meru au Embu naye huungana na Mungu kwa kula na kunywa. Mbona kinywaji cha kwao hakifiki kwenye kalisi, kikombe cha altare?

Sheria ya Kanisa haina utata. Kanuni ya 924 ya mwaka 1983 inataka mkate wa ngano na divai ya zabibu, na mwaka 2004 Vatikani ilitamka kwamba kutia asali katika mkate wa Ekaristi ni kosa zito. Ngano si tatizo. Inalimwa Timau, ubavuni mwa Mlima Kenya. Mzabibu ndio mgeni. Jumapili waumini hupeleka matoleo wakiimba: ndizi, maharagwe, kuku, pengine na chupa ya asali. Padre huipokea kwa furaha, lakini haivuki hapo.

Ufaransa hali ni nyingine. Tangu 1935 sheria ya huko inalinda majina ya divai kulingana na udongo ulioizaa, na padre wa Bourgogne anaweza kuinua kikombe chenye ladha ya vilima anavyoviona dirishani. Hata hivyo ni Mfaransa, mmisionari René Jaouen, aliyetetea Ekaristi ya mtama kwa ajili ya wakulima wa kaskazini mwa Kameruni katika kitabu chake cha 1995. Kabla yake Jean-Marc Ela, padre Mkameruni, aliuliza swali hilohilo kwa uchungu.

Wanaopinga wana hoja nzito: ishara ikiwa moja Embu na Lourdes, Kanisa linabaki moja, limefungwa na karamu ile ya Yerusalemu. Ni kweli. Lakini gharama ya umoja huo anailipa mmoja tu, yule asiye na shamba la mizabibu, na hilo si haki.

Roma yenyewe imewahi kusogea. Mwaka 1988 iliidhinisha misale ya majimbo ya Zaire, ambamo mababu wema huitwa pamoja na watakatifu. Mababu wakaingia kanisani. Mkate na divai havikuguswa. Maaskofu wa Meru na Embu wana kila sababu ya kuuliza kwa nini mgeni aliyekaribishwa kwa jina lake azuiliwe kinywaji chake.