"Wanangu, Gari Limeharibika?"



Likizo iliyopita mimi na mafrateri wenzangu wawili tulitembea kwa miguu kutoka Kerege hadi Bagamoyo. Haikuwa hija rasmi, wala hatukukosa nauli ya daladala. Mmoja wetu alikuwa amesoma habari za likizo za kutembea vijijini Ufaransa, ambako watu hufunga mabegi na kwenda kwa miguu siku kadhaa, wengine kwa sala, wengine kwa raha tu, kwenye njia ya kale ya mahujaji inayotoka Le Puy kuelekea Santiago, Hispania. Tukasema, mbona na sisi barabara tunayo?

Tulipopita Zinga tukamkuta mama mmoja ana mzigo wa kuni kichwani. Shikamoo mama. Marahaba. "Wanangu, gari limeharibika?"

"Hapana mama, tunatembea tu."

Akatuangalia, kisha akauliza taratibu, kama anaongea na mgonjwa: "Mnatembea tu?"

Jamani, niliona aibu. Darasani ningejibu haraka. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba roho nayo huchoka kama mwili, na pumziko lake ni furaha. Kwa hiyo kujiburudisha kwa kiasi ni sehemu ya fadhila. Nakubaliana naye kabisa. Kijana anayedhani Mungu anapendezwa na uchovu wake tu, amemwelewa Mungu vibaya. Ila pale barabarani jibu hilo lilikuwa jepesi mno. Kile nilichokiita mapumziko, kwa yule mama kilikuwa kazi ya kila siku. Je, nilikuwa naigiza shida ya mwenzangu?

Na Bagamoyo yenyewe ni mji wa waliotembea. Wapagazi walifika wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Watumwa walifika kwa minyororo. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni pale mwaka 1868, wengi wao Wafaransa, walitumia fedha kuwakomboa baadhi yao. Hakuna mtumwa aliyekuwa "anatembea tu".

Lakini wapo wengine ninaowafikiria zaidi: Susi na Chuma. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, wangeweza kumzika palepale wakaenda zao. Wao na wenzao wakaubeba mwili wake takriban miezi tisa, hadi Bagamoyo, Februari 1874. Nao walitembea kwa hiari. Hiari yao ilichagua mzigo. Sikuwahi kuliwaza hilo hivyo, pamoja na shahada yangu ya falsafa.

Tukamwomba mama atupe kuni. Alisita, akacheka, akatutwika. Tulipokezana, na nakiri kichwani zilinishinda. Nilizibeba begani, shingo ikauma siku mbili. Yeye akatembea mikono nyuma, akituonyesha mikorosho, akitusimulia nani alipanda upi, akisimama hata kuangalia ndege. Mikono yetu ilikuwa mitupu tangu asubuhi, na hatukuwa tumeona hata mkorosho mmoja.

Kwenye njia panda ya kwao akaweka sawa kata ya khanga, akapokea mzigo wake.

"Mungu awabariki, wanangu. Haya, endeleeni kutembea tu."