Aliyenyamaza Hajasema

Mume wangu alifariki Tanga mwaka 2016. Baada ya arobaini tulikaa ukumbini kwenye nyumba yake ya Ngamiani, Barabara ya 12, sheikh akagawa mirathi. Mimi mke nilipata thumuni. Binti yetu, mtoto pekee, nusu. Thumuni tatu zilizobaki zikaenda kwa ndugu wa marehemu. Binti mwenyewe hakuwepo, alikuwa kwenye mitihani Reading, Uingereza, mji aliozaliwa. Nikamuuliza sheikh kama kuzaliwa kwake mbali hakumpunguzii kitu. Akasema, "Mwanangu, hata mimba huwekewa fungu lake mpaka izaliwe." Akanihesabia yanayomzuia mrithi: kumuua anayerithiwa, utumwa, na kutofautiana dini. Umbali haumo.

Miaka mitatu baadaye binti akatimiza miaka 18. Sheria yetu ya Uraia ya 1995 inamwita raia wa kurithi, kwa kuwa sisi wazazi wake tulizaliwa Tanzania. Neno ni lilelile la sheikh, kurithi. Lakini urithi huu una muda. Mwenye uraia wa nchi mbili akishakuwa mtu mzima hupewa muda mfupi aukane ule wa kigeni na ale kiapo cha utii. Asipofanya hivyo, wa Tanzania unakoma. Hakuna barua iliyobisha hodi kwetu. Binti alikuwa anahangaikia chuo, mimi nilikuwa na zamu za usiku, muda ukapita. Tuliyajua hayo siku tulipokwenda kumtafutia pasipoti mpya.

Najua hoja ya dola, na siidharau. Nchi iliyopata uhuru juzi ina haki ya kujua nani ni wake siku ya shida, na kiapo cha utii hakigawanyiki. Aliyekwenda ugenini akiwa na akili zake, akainua mkono na kuapa kwa nchi nyingine, amesema neno, na dola ina haki ya kumjibu. Binti yangu hakuapa popote. Uraia wa nchi zote mbili aliupata akiwa amefunikwa khanga.

Sisi wa pwani tumelelewa katika madhehebu ya Imam Shafi, na kuna kanuni iliyonukuliwa kutoka kwake ambayo kila aliyekaa madrasa ameisikia: aliyenyamaza hahesabiwi kuwa amesema. Mwanachuoni atanikumbusha kuwa bikira akiulizwa kuhusu posa, kunyamaza kwake ni ridhaa. Kweli. Lakini huyo ameulizwa, na mwenye kumuuliza amekaa mbele yake anasubiri. Binti yangu aliulizwa na nani? Kimya cha asiyeulizwa hakiwezi kuwa talaka.

Na jambo hili lina uzito wa udongo. Sheria ya Ardhi ya 1999, kama ilivyotungwa, haikumgawia asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Basi nusu aliyopewa na Mwenyezi Mungu katika nyumba ya baba yake imekuwa kitu cha kuuliza kwa wakili. Shangazi yake yuko Vanga, ng'ambo ya mpaka, na wajukuu wake waliozaliwa ughaibuni wamebaki Wakenya, maana Katiba yao ya 2010 haimnyang'anyi raia wa kuzaliwa kwa sababu ana uraia mwingine, na mtoto wa Mkenya humhesabu hivyo popote alipozaliwa. Ukoo mmoja, chombo kimoja cha mchuzi siku ya Idi, majibu mawili.

Serikali yetu imechagua njia ya hadhi maalumu kwa watu wa ughaibuni. Itarahisisha mengi, na mwenye shida ataishukuru. Ila hadhi ni ruhusa, na mwenye kuitoa anaweza kuichukua. Mtoto haingii kwao kwa ruhusa.

Ninachoomba kwa wabunge ni kidogo: uraia wa kurithi usikome kwa kimya. Aliyeurithi aitwe, aulizwe, na akiukataa aukatae kwa kinywa chake. Na wewe mzazi uliye na mtoto aliyezaliwa nje, usisubiri Bunge. Akitimiza miaka 17 mkalishe, mweleze sheria inavyosema, umuulize anataka nini. Mimi sikumuuliza wangu.