Usiishi kwa Kuletewa

Ndugu yangu unayesoma, nakusihi kwa ajili ya afya yako na ya watoto wako: wiki hii chagua. Chagua utakachosoma, utakachotazama na kitakachoingia kwenye sufuria yako. Tumezoea kuletewa. Simu inatuletea ya kutazama, duka la jirani linatuletea ya kula, na usiku tunajitupa kitandani hoi bila kujua siku imekwenda wapi. Macho ni yako, tumbo ni lako, umri unaopita ni wako. Kwa nini aamue mwingine?

Naanza na kitabu, maana ndicho tulichokitupa mbali zaidi. Tafuta Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999. Ukiikosa dukani, iulizie maktaba. Humo utamkuta Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja, aliyeozwa kwa Bwana Raza, mwanamume wa umri wa kumzaa. Anamkimbia. Ndugu zake wanamkataa, na anayemfungulia mlango ni Mwajuma, mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo asiye na kitu zaidi ya moyo mkunjufu. Huko ndiko anakokutana na Denge, kijana anayepambana na serikali ya kikoloni huku makachero wakimwinda usiku na mchana. Soma kurasa kumi kila usiku, na zisome kwa sauti! Kiswahili cha riwaya hii kimeandikwa na mtu aliyekunywa lugha tangu utotoni, na masikio yako yana haki ya kukisikia. Watu wazima wa nyumba wakae wasikilize, mpokezane kitabu.

Wadogo wasiachwe na njaa. Wasomee Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Mtoto akishasikia habari za ndugu waliogeuzwa manyani kwa husuda yao, na za Adili anayelazimika kuwachapa kila usiku ilhali moyo unamuuma, hatakubali ufunge kitabu. Atauliza maswali. Yajibu yote, hata kama umechoka.

Ukimaliza Vuta N'kuvute, ndipo utazame sinema yake. Amil Shivji ameitengeneza kwa Kiswahili, na mwaka 2021 ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto. Nasema kitabu kwanza, na sirudi nyuma: sura ya Yasmin uichore mwenyewe kichwani kabla hujachorewa. Sinema ikiisha, zima televisheni. Usiache kipindi kinachofuata kijilete chenyewe. Ongeeni. Muulize binti yako angefanya nini angekuwa Yasmin, kisha unyamaze umsikilize. Kwa televisheni, wiki hiyo sinema hiyo moja inatosha.

Sasa sufuria, na hapa napaza sauti. Mahindi yanatoka shambani kamili, na ganda lake na kiini chake. Tunayapeleka mashineni, tunalipa yakobolewe, kisha tunalipa tena yasagwe. Lile ganda na kile kiini, penye nyuzinyuzi, mafuta na sehemu kubwa ya vitamini na madini, vinakwenda kwenye gunia la pumba, wakale kuku na nguruwe. Sisi tunabaki na wanga, na tunausifia kwa weupe! Mama zangu, baba zangu, rudini kwenye dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa. Saga kidogo kidogo, unga wa wiki moja au mbili, kwa sababu mafuta ya kiini huufanya uharibike mapema kuliko sembe.

Lakini nisikilize vizuri: dona halitaki uvivu. Kabla ya kwenda mashineni, mwaga mahindi kwenye ungo, kaa mahali penye mwanga, uchambue. Punje yenye ukungu, iliyovunjika, iliyotobolewa na wadudu au iliyobadilika rangi, itoe. Usiwape hata kuku. Sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, haiondoki kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, watu waliokula chakula cha nyumbani kwao kama wewe na mimi. Usinunue mahindi mabichi mabichi kwa kuvutiwa na bei. Ng'ata punje kwa meno: iliyokauka sawasawa hupasuka kwa mlio, isiyokauka hubonyea.

Na kesho asubuhi pika mbaazi za nazi, kama wafanyavyo watu wa pwani. Ziloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, zichemshe kwa maji mapya mpaka zibonyee zenyewe kati ya vidole. Tia tui jepesi na kitunguu, manjano na pilipili. Tui zito liingie mwisho, moto ukiwa mdogo, mfuniko umeondolewa, mkono unakoroga bila haraka, lisije likakatika. Chumvi weka kidogo, halafu onja kabla ya kuongeza. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na kwenye mchuzi. Kichupa cha chumvi kilichoko mezani kiondoe leo. Kisirudi!

Kwa nini naisema chumvi kwa ukali hivi? Kwa sababu ya presha. Mtu anatembea nayo miaka, anacheka, anafanya kazi, haumwi popote, mpaka siku mkono mmoja unakufa ganzi na mdomo unapinda. Nenda kapime wiki hii. Vipimo vikija 140 kwa 90 au zaidi, na vikarudia hivyo siku nyingine, fuata maneno ya daktari na unywe dawa hata siku unazojisikia mzima. Hizo ndizo siku tunazoacha dawa, na ndizo zinazotuangusha.

Kisha tembea. Dakika 150 kwa wiki, angalau, ndicho kiasi kinachoshauriwa kwa mtu mzima: nusu saa, siku tano, mwendo wa kukutoa jasho kidogo. Nenda na mwenzako, maana peke yako utapata udhuru. Na ukirudi upumzike kweli: usiku simu ilale sebuleni, wewe ulale chumbani.

Usiniambie utaanza Jumatatu. Mbaazi ziloweke usiku huu. Kitabu kakiulize kesho maktaba ikifunguliwa. Na yule mzee wako ambaye hajapima presha tangu mwaka jana, mpigie simu sasa hivi, umwamkie, umwambie siku gani utapita kumchukua mwende pamoja.